Kikokotoo: namna pensheni ya mtumishi wa umma inavyohesabiwa nchini Tanzania

Walimu wawili waliajiriwa na serikali ya Tanzania mwaka 1992, wakipishana mwezi mmoja. Wote wawili walifundisha kwa miaka 30, wote walikuwa wanachama wa mfuko wa PSPF, na wote walifikia mwisho wa utumishi wakiwa na mshahara wa shilingi milioni moja kwa mwezi, ambao haukuwa umebadilika kwa miaka mitatu. Wa kwanza alistaafu mwishoni mwa Juni 2022, wa pili mwishoni mwa Julai mwaka huohuo. Siku ya kustaafu, wa kwanza alistahili mkupuo wa shilingi milioni 62. Wa pili alistahili shilingi milioni 30.7.

Walimu hao ni wa mfano, lakini hesabu ni zile zilizotumika. Kati ya Juni na Julai mwaka huo kilibadilika kitu kimoja tu, ambacho Watanzania wanakiita kikokotoo, yaani kanuni inayogeuza miaka ya utumishi na mshahara kuwa fedha za uzeeni. Neno hilo, ambalo zamani lilikaa katika vitabu vya wahasibu, limekuwa la kawaida kwenye vyumba vya walimu, wodi za hospitali na vikao vya Bunge mjini Dodoma. Hata hivyo, wengi wanaolitamka huzungumzia asilimia ya mkupuo peke yake. Asilimia hiyo ni namba moja tu kati ya kadhaa, na wala si ile iliyobeba uzito mkubwa kuliko zote.

Makala haya yanaeleza mfumo huo unavyofanya kazi, ulivyofika ulipo, na namna unavyolingana na mifumo ya Kenya, Uganda na Rwanda.

Mifuko mitano iliyobaki miwili

Hifadhi ya uzeeni kwa watumishi wa Tanzania Bara ilianza enzi za ukoloni. Mfuko wa akiba wa watumishi wa serikali wasiokuwa na haki ya pensheni, uliokuja kujulikana kama GEPF, ulianzishwa mwaka 1942, na ule wa watumishi wa serikali za mitaa, uliozaa LAPF, ulianzishwa mwaka 1944. Baada ya uhuru ulianzishwa Mfuko wa Taifa wa Akiba ya Wafanyakazi mwaka 1964, ambao mwaka 1997 uligeuzwa kuwa NSSF. Mwaka 1978 ulianzishwa PPF kwa ajili ya wafanyakazi wa mashirika ya umma.

Watumishi wa serikali kuu walikuwa na utaratibu wao. Kwa miongo mingi hawakukatwa chochote katika mishahara yao kwa ajili ya pensheni. Serikali iliwaahidi malipo ya uzeeni, na ahadi hiyo ilitimizwa moja kwa moja kutoka Hazina. Utaratibu huo ulibadilishwa na sheria ya mwaka 1999 iliyoanzisha mfuko wa PSPF, na kuanzia Julai mwaka huo watumishi hao wakaanza kuchangia. Kama itakavyoonekana, miaka ya utumishi iliyotangulia tarehe hiyo ndiyo iliyoacha deni kubwa kuliko yote katika mfumo huu.

Kufikia mwaka 2018 nchi ilikuwa na mifuko mitano ya pensheni, kila mmoja ukiwa na bodi yake, majengo yake na kanuni zake za malipo. Bunge lilipitisha sheria iliyounganisha PSPF, LAPF, PPF na GEPF kuwa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, unaojulikana kwa kifupi cha PSSSF. Mfuko huo mpya ulianza kazi tarehe 1 Agosti 2018, makao makuu yake yakiwa Dodoma. NSSF ilibaki kuwahudumia wafanyakazi wa sekta binafsi na waliojiajiri. Zanzibar ina mfuko wake, ZSSF, na haimo katika muungano huo.

Mchango wa kila mwezi

Kila mwezi PSSSF hupokea asilimia 20 ya mshahara wa mwanachama. Mtumishi hukatwa asilimia 5, na mwajiri, ambaye kwa walio wengi ni serikali, huongeza asilimia 15. Kwa mwalimu wa mfano wetu, makato yake ni shilingi 50,000 na mchango wa mwajiri ni shilingi 150,000.

Fedha hizo hazikai katika akaunti yenye jina la mtumishi mmoja zikimngoja. Huingia katika chungu kimoja ambacho wastaafu wa leo hulipwa kutokana nacho, na kinachobaki huwekezwa. Uwekezaji mkubwa huwa katika hatifungani za serikali, majengo, hisa na viwanda. Mojawapo ni kiwanda cha bidhaa za ngozi mjini Moshi, ambacho mfuko huo unakimiliki kwa ubia na Jeshi la Magereza.

Ili astahili pensheni ya kila mwezi, mwanachama anapaswa kuwa amechangia kwa muda usiopungua miezi 180, yaani miaka 15. Umri wa kustaafu kwa hiari ni kuanzia miaka 55, na umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Maprofesa na madaktari bingwa wamewekewa umri mkubwa zaidi, hadi miaka 65.

Namba zinazounda kikokotoo

Kikokotoo kina vitu vitano ndani yake. Viwili hutoka kwa mtumishi mwenyewe, navyo ni idadi ya miezi aliyotumikia na mshahara wake wa mwaka. Vitatu huwekwa na serikali kwa kanuni.

Mshahara unaotumika sasa si lazima uwe wa mwezi wa mwisho. Huchukuliwa wastani wa mishahara bora ya miaka mitatu ndani ya miaka kumi ya mwisho kabla ya kustaafu. Utaratibu huo unapunguza faida ya mtu kupandishwa cheo miezi michache kabla ya kuondoka kazini.

Namba ya kwanza inayowekwa na serikali ni kizio cha limbikizo. Katika PSPF na LAPF kilikuwa 1/540. Maana yake ni kwamba kila mwezi mmoja wa kazi ulimpatia mtumishi haki ya sehemu moja kati ya 540 ya mshahara wake wa mwaka, kama pensheni ya mwaka mzima. Kizio kinachotumika sasa ni 1/580. Kadiri namba ya chini inavyokuwa kubwa, ndivyo haki inayolimbikizwa kila mwezi inavyopungua.

Namba ya pili ni asilimia ya mkupuo. Mstaafu hapokei pensheni yake yote kidogo kidogo. Sehemu yake huibadilisha kwa fedha taslimu siku ya kustaafu, na sehemu inayobaki hulipwa kila mwezi hadi mwisho wa maisha yake. Asilimia ndiyo inayoonyesha ni sehemu kiasi gani inayobadilishwa.

Namba ya tatu ni bei ya mabadilishano hayo. Kila shilingi ya pensheni ya mwaka ambayo mstaafu anaiacha hununuliwa kwa idadi fulani ya shilingi za mkupuo. Katika PSPF na LAPF bei hiyo ilikuwa 15.5, na sasa ni 12.5. Kwa maneno mengine, zamani mstaafu alilipwa kwa mkupuo fedha za miaka 15 na nusu ya sehemu ya pensheni aliyoiacha, na leo analipwa za miaka 12 na nusu.

Safari ya kanuni, 2018 hadi 2024

Kabla ya mifuko kuunganishwa, wanachama wa PSPF na LAPF walitumia 1/540, bei ya 15.5 na mkupuo wa asilimia 50. Wanachama wa PPF, GEPF na NSSF walitumia 1/580, bei ya 12.5 na mkupuo wa asilimia 25. Watumishi wawili wenye mshahara mmoja na miaka ileile ya kazi wangeweza kuachana kwa mamilioni ya shilingi kwa sababu tu mmoja aliajiriwa wizarani na mwingine katika shirika la umma.

Kanuni zilizotolewa mwaka 2018 ziliwaweka wote katika kundi la pili, yaani 1/580, 12.5 na asilimia 25. Vyama vya wafanyakazi vilipinga vikali. Tarehe 28 Desemba 2018 Rais John Magufuli alisitisha kanuni hizo na kuagiza kila kundi liendelee na kikokotoo chake cha zamani katika kipindi cha mpito hadi mwaka 2023, ili suala hilo lizungumzwe upya.

Mazungumzo kati ya serikali, vyama vya wafanyakazi na waajiri yalizaa kanuni mpya iliyoanza tarehe 1 Julai 2022. Kizio kilikuwa 1/580 kwa wote, bei 12.5 kwa wote, na mkupuo asilimia 33 kwa wote. Waliokuwa wakipata asilimia 25 walipandishwa na waliokuwa wakipata 50 walishushwa.

Malalamiko hayakwisha. Katika hotuba ya bajeti ya Juni 2024, Waziri wa Fedha, Mwigulu Nchemba, alitangaza kupandishwa kwa mkupuo kutoka asilimia 33 hadi 40 kwa kundi lililokuwa likipokea 50, na kutoka 33 hadi 35 kwa kundi lililokuwa likipokea 25. Kizio cha 1/580 na bei ya 12.5 havikuguswa.

Hesabu kwa mfano

Mwalimu wa kwanza, aliyestaafu Juni 2022, ana miezi 360 na mshahara wa mwaka wa shilingi milioni 12. Miezi 360 ikigawanywa kwa 540 na kuzidishwa kwa milioni 12, pensheni yake kamili ya mwaka ni shilingi milioni 8. Nusu yake, milioni 4, inanunuliwa kwa 15.5, naye anapata mkupuo wa milioni 62. Nusu inayobaki inagawanywa kwa miezi 12, naye anapata shilingi 333,333 kila mwezi.

Mwalimu wa pili, aliyestaafu Julai 2022, anaanza na kizio cha 580. Pensheni yake kamili ya mwaka ni shilingi 7,448,276. Asilimia 33 yake ikinunuliwa kwa 12.5, mkupuo ni shilingi 30,724,138. Pensheni yake ya mwezi ni shilingi 415,862.

Tuchukue na mwalimu wa tatu wa kundi hilohilo, mwenye miezi ileile na mshahara uleule, aliyestaafu baada ya mabadiliko ya 2024. Kwa asilimia 40, mkupuo wake ni shilingi 37,241,379 na pensheni yake ya mwezi ni shilingi 372,414.

Akilinganishwa na yule wa Juni 2022, mwalimu wa tatu amepungukiwa na shilingi milioni 24.8 za mkupuo, na anapokea shilingi 39,081 zaidi kila mwezi. Bila kuhesabu faida ya benki wala nyongeza za pensheni, angehitaji kuishi zaidi ya miaka 52 baada ya kustaafu ili ziada hiyo ya mwezi ifidie pengo la mkupuo.

Hapa ndipo mjadala wa asilimia unapopungukiwa. Iwapo serikali ingemrudishia mwalimu huyo asilimia 50 bila kugusa namba nyingine, mkupuo wake ungekuwa shilingi milioni 46.6, si milioni 62. Kati ya pengo la milioni 24.8, asilimia iliyopungua inabeba milioni 9.3 tu. Milioni 15.5 zinazobaki zimetokana na kizio kilichotoka 540 hadi 580 na bei iliyotoka 15.5 hadi 12.5. Namba hizo mbili hazina mvuto katika mabango ya Mei Mosi, lakini ndizo zilizopunguza thamani ya ahadi yenyewe. Asilimia inagawa fedha kati ya leo na kesho. Kizio na bei ndivyo vinavyoamua fedha zenyewe ni kiasi gani.

Kwa upande wa pili, mtumishi aliyetoka PPF akiwa na miezi na mshahara huohuo alikuwa akistahili mkupuo wa shilingi milioni 23.3 na pensheni ya mwezi ya shilingi 465,517. Kwa asilimia 35 ya sasa, mkupuo wake ni milioni 32.6 na pensheni ya mwezi ni shilingi 403,448. Kwake yeye kizio na bei havikubadilika. Kilichobadilika ni mgawanyo tu, na fedha nyingi zaidi humfikia siku ya kwanza.

Kwa nini kanuni ilikazwa

Hoja ya serikali ilikuwa uhai wa mifuko. Kwa miaka kadhaa kabla ya kuunganishwa, PSPF ililipa mafao makubwa kuliko michango iliyoingia, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilitahadharisha kuhusu hali hiyo mara kwa mara.

Sehemu kubwa ya tatizo hilo haikutokana na ukarimu wa kikokotoo peke yake. Mwalimu wa kwanza wa mfano wetu aliajiriwa Julai 1992. Kati ya miezi yake 360, miezi 84 ya mwanzo ilipita kabla ya Julai 1999, na katika miezi hiyo hakuna mchango uliowekwa popote kwa ajili yake. Hata hivyo PSPF ilipaswa kumlipa kwa miezi yote 360. Fedha za miezi hiyo 84 zilikuwa deni la serikali kwa mfuko, na waliostaafu mapema zaidi walikuwa na miezi mingi zaidi ya aina hiyo. Mfuko ulilipa, na serikali ilichelewa kuurejeshea.

Mwaka 2021 serikali ilianza kulipunguza deni hilo kwa kuipa PSSSF hatifungani maalumu isiyo ya fedha taslimu yenye thamani ya shilingi trilioni 2.17. Kwa hatua hiyo mfuko haukupata noti mkononi siku hiyo, bali dai linalotambuliwa rasmi, lenye riba na tarehe za kulipwa.

Lilikuwapo pia deni la mikopo. Mifuko ilitumika kugharimia miradi ya umma, ukiwamo ujenzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, na marejesho ya fedha hizo yalichelewa kwa miaka. Kwa hiyo mtumishi anapoambiwa kwamba mkupuo wake umepunguzwa ili kuunusuru mfuko, ana haki ya kukumbuka kwamba mfuko haukudhoofishwa na wastaafu peke yao. Aidha, hoja ya uhai ina uzito wake. Mtumishi anayeajiriwa leo atahitaji pensheni baada ya miaka 30 au zaidi, na chungu kikikauka kabla ya hapo, kikokotoo kizuri kwenye karatasi hakitamfaa kitu.

Mafao mengine

Uzee siyo tukio pekee linalohudumiwa na PSSSF. Sheria ya 2018 inataja pia mafao ya warithi pale mwanachama anapofariki, mafao ya ulemavu, ya uzazi, ya ugonjwa, na fao la kukosa ajira.

Fao la kukosa ajira lilileta mabadiliko yake. Zamani mwanachama aliyeacha au kuachishwa kazi aliweza kuchukua michango yake yote na kujitoa katika mfuko. Wengi walifanya hivyo, na walipofika uzeeni hawakuwa na pensheni. Tangu 2018 kujitoa kwa namna hiyo kuliondolewa, na mahali pake aliyepoteza ajira hupewa sehemu ya mshahara wake kwa muda wa miezi michache huku michango yake ikibaki. Kwa kijana aliyekuwa akitegemea fedha hizo kuanzisha biashara, hilo lilikuwa pigo. Kwa mzee atakayekuwa miaka thelathini baadaye, huenda ndilo lililomwokoa.

Safari ya faili

Kanuni yoyote, iwe nzuri au mbaya, hutegemea karatasi. Mtumishi anapokaribia kustaafu, mwajiri wake huandaa jalada lenye barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, barua za kupandishwa cheo na za uhamisho, hati ya mshahara na kibali cha kustaafu. PSSSF hulinganisha jalada hilo na kumbukumbu za michango iliyopokewa.

Mahali ambapo viwili hivyo havikubaliani ndipo ucheleweshaji unapoanzia. Jina lililoandikwa kwa herufi tofauti katika cheti cha shule na kitambulisho cha taifa, tarehe ya kuzaliwa isiyolingana, au miezi ambayo halmashauri haikupeleka mchango, vyote humrudisha mstaafu kwenye ofisi alizokwisha kuziaga. Miezi iliyokosekana ina bei inayoweza kukadiriwa. Kwa mwalimu wa tatu, kila miezi 12 isiyoonekana katika kumbukumbu humpunguzia shilingi milioni 1.24 za mkupuo, na zaidi ya shilingi 12,400 za pensheni kila mwezi kwa maisha yake yote.

Ndiyo sababu mfuko huwahimiza wanachama kukagua taarifa zao za michango wangali kazini, kwa kutumia programu yake ya simu iitwayo PSSSF Kiganjani. Mwajiri aliyepo ofisini leo anaweza kuulizwa leo. Afisa utumishi wa miaka ishirini iliyopita huenda naye amekwisha kustaafu.

Baada ya malipo kuanza, mstaafu hutakiwa kuhakikiwa ili ithibitike kwamba yu hai, la sivyo pensheni husimamishwa. Zamani uhakiki uliwalazimu wazee kusafiri hadi ofisini. Siku hizi unaweza kufanyika kwa simu janja, kwa kutambua sura, jambo ambalo limewapunguzia nauli walio na simu hizo, na kuwafanya wasiokuwa nazo wawategemee watoto au majirani.

Majirani wanafanyaje

Kenya ilikaa muda mrefu na utaratibu unaofanana na wa Tanzania wa kabla ya 1999, pensheni ikilipwa na Hazina bila watumishi wengi kuchangia. Tarehe 1 Januari 2021 ulianza mpango mpya wa kuchangia kwa watumishi wa umma. Mtumishi alianza na asilimia 2 ya mshahara mwaka wa kwanza, akapanda hadi 5 mwaka wa pili, na 7.5 kuanzia mwaka wa tatu, huku serikali ikichangia asilimia 15. Waliokuwa chini ya umri wa miaka 45 waliingizwa kwa lazima, na waliozidi hapo waliruhusiwa kuchagua. Tofauti kubwa na Tanzania ni kwamba katika mpango wa Kenya kila mwanachama ana akaunti yake. Anachokipata uzeeni hutegemea kilichochangwa na faida ya uwekezaji, si kikokotoo cha miezi na mshahara.

Uganda bado inawalipa watumishi wake wa umma kutoka fedha za serikali bila wao kukatwa mchango. Kanuni yake ni ya miezi ikigawanywa kwa 500, theluthi moja ya pensheni ikibadilishwa kwa mkupuo kwa bei ya 15. Kwa utumishi wa miaka 30, mkupuo huwa sawa na mishahara 43 ya mwezi, na pensheni ya kila mwezi ni asilimia 48 ya mshahara. Mwalimu wa Tanzania wa mwaka 2024 hupata mishahara 37 na asilimia 37, na yule wa Juni 2022 alipata mishahara 62 na asilimia 33. Hata hivyo, malipo yanayotegemea bajeti ya kila mwaka hutegemea pia hali ya bajeti hiyo.

Rwanda inawahudumia watumishi wa umma na wa sekta binafsi chini ya bodi moja, RSSB. Kuanzia Januari 2025 mchango wa pensheni ulipanda kutoka asilimia 6 hadi 12 ya mshahara, mwajiri na mfanyakazi wakigawana nusu kwa nusu, na umepangwa kuendelea kupanda hatua kwa hatua hadi asilimia 20 mwaka 2030.

Kwa wanaovuka mipaka kutafuta kazi, Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa mfanyakazi kutoka nchi mwanachama haki ya hifadhi ya jamii sawa na wenyeji wa nchi anayofanyia kazi. Historia inafundisha kwamba haki ya maandishi huhitaji ufuatiliaji. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, wafanyakazi wake wa reli, bandari, posta na ndege waliachwa wakidai mafao. Mkataba wa mwaka 1984 uliitaka kila nchi iwalipe raia wake, lakini nchini Tanzania madai ya wazee hao yaliendelea kusikika mahakamani na mitaani kwa miongo kadhaa, na wengi walifariki kabla hayajamalizika.

Namba za kuuliza

Mjadala wa kikokotoo nchini Tanzania haujafungwa, na huenda asilimia ya mkupuo ikabadilishwa tena. Itakapobadilishwa, mtumishi atakayetaka kujua kama amepata au amepoteza atapaswa kuuliza maswali matatu kwa pamoja: kizio ni kipi, bei ni ipi, na asilimia ni ngapi. Jibu la swali moja bila mengine mawili halimwambii atastaafu na nini. Swali la nne ni lake mwenyewe, nalo ni miezi yake mingapi imeandikwa. Hilo halihitaji kungoja hotuba ya bajeti.